Namba Tano Ambazo Dubwana Halikuzitoa

Saa nne kasoro robo asubuhi Inspekta alikuwa amekwisha panda na kushuka ngazi za kiwanda mara tatu, na Koplo wake, mtu mwenye mapenzi ya dhati na viti, alikuwa bado anahema kwa sababu ya ile mara ya kwanza. Kituoni Inspekta huyu, mama wa watu, walimwita Tena, maana hakuna shahidi aliyewahi kumpa maelezo mara moja akaachiwa aende zake. Leo hakuwa na muda hata wa hilo. Saa kumi jioni jalada lilitakiwa liwe juu ya meza ya mwendesha mashtaka, na jalada lenyewe, kama lilivyokuwa, lilimtaja mtu mmoja tu: mzee wa miaka hamsini na tisa, mwendesha mashine wa kiwanda hiki, aliyekuwa rumande siku ya tatu sasa. Kiwandani kila mtu, hata mkurugenzi, alimwita Mjomba.

Kisa kilikuwa kifupi na kibaya. Fundi wa minara ya simu alipanda juu, akajifunga kwa mkanda wake wa usalama ili abadilishe kifaa, na kulabu ya mkanda ikakatika vipande viwili. Aliacha mke na watoto wawili. Kulabu ile ilitengenezwa hapa, kwa mchanganyiko mpya wa metali waliouita namba thelathini na moja. Kulabu zote za aina hiyo zilikuwa zimekwisha rudishwa ghalani na kufungiwa. Kilichobaki ni kujua nani alisema zinafaa. Daftari la majaribio lilisema ni Mjomba, maana sahihi yake ilikuwa chini ya kila jaribio. Alipoulizwa alijibu, "Ni mimi," akaomba aletewe dawa yake ya matone ya macho, kisha akafunga mdomo kama aliyefunga duka.

"Amekiri, Afande," Koplo alikumbusha, huku akiangaza macho kutafuta pa kukaa. "Sisi tunatafuta nini?"

"Natafuta alichokiri."

Mkuu wa ubunifu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye shahada ya udaktari wa metali, naye aliitwa na wote Daktari, jambo lililowaponza wageni waliomweleza habari za vidonda vyao. Ofisi yake ilikuwa na meza mbili. Kwenye ya pili alikaa kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na macho yaliyokosa usingizi. Aliinuka haraka, akampa Koplo kiti chake.

"Huyu ni Mpwa," Daktari alisema. "Ni mtoto wa dada yake Mjomba. Yeye ndiye anayeingiza matokeo kwenye jedwali."

"Pole kwa mjomba wako," Inspekta alisema.

"Ahsante, Afande." Akasimama dirishani.

Inspekta hakukaa. "Nielezee tena. Kama unamweleza mtu aliyefeli hesabu."

Daktari alivuta pumzi. "Tukitaka metali mpya, hatuwezi kujaribu kila mchanganyiko. Ni maelfu. Kwa hiyo tuna watu watatu wa kuwauliza. Wa kwanza ni kompyuta. Inapiga hesabu za nguvu ya metali kwa dakika kumi, haichoki, haidai kitu. Hapa tunaiita Mropokaji."

"Kwa nini?"

"Inajibu upesi na inatia chumvi. Wa pili ni Vijiti. Tunayeyusha metali kidogo, tunamimina vijiti vyembamba, tunavivuta mpaka vikatike. Siku moja. Wa tatu ni Dubwana, mashine kubwa kule chini. Hapo unatengeneza kulabu kamili, unaivunja, imekwisha. Siku mbili tatu za kazi na gharama kubwa kwa jibu moja, lakini jibu la Dubwana ni la kweli."

"Ni kama kutaka kujua duka limefunguliwa au la," Koplo aliingilia kutoka kitini. "Unamuuliza jirani, unapiga simu, au unakwenda mwenyewe."

Daktari alimtazama kwa heshima ambayo Koplo hakuizoea. "Kabisa. Sasa tuna programu inayochagua. Inamuuliza Mropokaji mara mia, Vijiti mara kumi, Dubwana mara moja moja, pale tu inapoona shaka ni kubwa. Na inajifunza kila mmoja anakosea kiasi gani. Mropokaji akisema kilo elfu mbili mia sita, programu inajua apunguziwe. Dubwana likisema, programu haibishani nalo."

"Na Dubwana lilisema thelathini na moja inafaa."

"Lilisema itakatika kwa kilo elfu mbili mia nne arobaini na tano. Sheria inataka elfu mbili mia mbili. Lakini juzi, mbele ya Koplo wako, fundi wa kuazima, anayeshika nafasi ya Mjomba, alivunja kulabu tatu kutoka ghalani." Daktari alivuta karatasi, akasoma. "Elfu moja mia tatu. Elfu moja mia moja themanini. Elfu moja mia nne."

"Na kabla ya kuuza hamkuvunja hata moja ya toleo la kwanza?"

"Ilitakiwa tuvunje ishirini. Mteja alikuwa na haraka. Tukatosheka na Vijiti." Daktari aliinamisha uso. "Hilo liandike, Afande. Ni langu."

Inspekta aliliandika. Alikuwa amekuja akimshuku huyu kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na haraka na ndiye aliyeielewa programu. Akaomba aone hati ya kusafiria. Mihuri ilikuwa wazi: wiki zote mbili za majaribio matano ya mwisho, michanganyiko ya ishirini na saba hadi thelathini na moja, Daktari alikuwa nje ya nchi kwenye mafunzo. Inspekta alirudisha hati ile kwa kuitupa mezani, kero imemjaa. Mshukiwa aliyempendeza alikuwa amemponyoka, na saa ya ukutani haikujali.

"Nipe nakala ya jedwali lote," alisema. "Twende kwa Dubwana."

Dubwana lilichukua nusu ya ukumbi wa chini. Nguzo mbili za chuma, nene kuliko mapaja ya Koplo, na katikati taya mbili zilizoshika kulabu juu na chini. Fundi wa kuazima alikuwa akilipangusa mafuta.

"Anayeliendesha lazima awe na kibali," alieleza. "Na lina ufunguo wake, anakaa nao mmoja tu. Zamani kuna mtu aliingiza mkono akaacha vidole vitatu."

"Hii nini?" Inspekta alikuwa ameinama ubavuni mwa mashine, kidole chake juu ya kidirisha kidogo cha kioo.

"Kihesabio. Kila taya zikivunja kitu, namba inapanda. Huwezi kuirudisha nyuma, hata mimi siwezi. Ilianza sifuri walipolifanyia matengenezo mwanzoni mwa mwaka."

"Koplo, soma."

"Arobaini na nne, Afande."

"Toa tatu za juzi."

"Arobaini na moja."

Inspekta alifungua daftari la Mjomba. Majaribio yalihesabiwa tangu matengenezo yale, michanganyiko mingine ya mwanzo ikiwa imejaribiwa mara mbili, kila jaribio na sahihi yake. La mwisho, kabla ya mzee kukamatwa, lilikuwa la arobaini na sita.

Koplo alipiga mluzi. "Matano hayakufanyika! Mzee amekaa zake, amebuni namba, ametia sahihi. Afande, mambo yamekwisha. Hata chakula cha mchana tunawahi."

Kwa dakika nzima Inspekta naye aliamini hivyo, na lazima isemwe kwamba alisikia nafuu. Jalada lingekamilika. Mzee aliyechoka, mashine nzito, uvivu wa wiki mbili. Lakini miguu yake haikutulia. Alitembea hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena.

Mama wa chai alikuwa akipita na birika. Inspekta alimzuia.

"Mama, Dubwana likivunja kitu unasikia?"

"Nasikia? Mwanangu, naruka! Nimevunja vikombe tisa mwaka huu kwa ajili ya mdudu huyu. Lazima Mjomba anipigie kelele kwanza, 'Mama, shika birika!' ndipo avunje."

"Kuna wakati lilinyamaza?"

"Lilinyamaza, wiki mbili nzima, Daktari aliposafiri. Nikasema leo nimepumzika." Alishusha sauti. "Mjomba mwenyewe alikuwepo kila siku. Amekaa pale kwenye benchi, mikono magotini. Nikimpa chai anapapasa kikombe kwanza. Nikamuuliza, Mjomba unaumwa? Akacheka, akasema anazeeka tu."

"Anapapasa?"

"Anapapasa hivi." Mama wa chai alinyoosha vidole hewani, akatafuta kikombe kisichokuwepo.

Inspekta alimshukuru, akaketi kwenye ngazi. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuketi, na Koplo aliona afadhali naye aketi kabla bahati haijageuka. Akatandaza nakala ya jedwali magotini. Mistari ya Mropokaji ilikuwa ya buluu, ya Vijiti ya njano, ya Dubwana myekundu. Kwa kila mchanganyiko uliofika kwa Dubwana palikuwa na jibu la Mropokaji pia.

"Fungua kikokotoo kwenye simu yako. Mropokaji toa Dubwana. Anza juu."

Koplo alianza. "Mia moja themanini na nane. Mia mbili thelathini na moja. Mia mbili na tatu. Mia mbili kumi na tisa. Mia moja tisini na saba..." Akaendelea, Inspekta akiandika pembeni kwa penseli. Hakuna namba iliyofanana na jirani yake. "Sasa ya ishirini na saba. Mia mbili na kumi. Ishirini na nane, mia mbili na kumi. Ishirini na tisa, mia mbili na kumi. Thelathini, mia mbili na kumi. Afande, simu imekwama."

"Haijakwama. Fanya ya mwisho."

"Elfu mbili mia sita hamsini na tano, toa elfu mbili mia nne arobaini na tano." Koplo aliinua uso taratibu. "Mia mbili na kumi."

"Na wastani wa hizi za juu?"

Alibonyeza kwa muda mrefu. "Mia mbili na kumi, kasoro nukta."

Inspekta alikunja karatasi. Mtu anayebuni namba hubuni tu. Huyu hakubuni. Alichukua jibu la Mropokaji, akalipunguzia kile ambacho Mropokaji huzidisha kwa kawaida, akaliandika kwa wino mwekundu kana kwamba limetoka kwa Dubwana. Ili ufanye hivyo, sharti uyaone majibu ya Mropokaji, na sharti ujue wastani.

"Mjomba anatumia kompyuta?" alimuuliza fundi wa kuazima.

Fundi alicheka. "Mjomba? Hata simu yake anabonyezewa na mpwa wake."

Saa saba na dakika arobaini Inspekta alimwita Mpwa kwenye korido nyuma ya ofisi. Hapakuwa na kiti, kwa hiyo wote watatu walisimama.

"Mia mbili na kumi," Inspekta alisema.

Kijana hakuuliza ni ya nini.

"Wewe ndiye?"

"Afande, sikubuni."

"Najua hukubuni. Nieleze."

"Jicho la kulia la Mjomba lilikuwa limeshapotea tangu mwaka jana. Wiki ile Daktari aliposafiri, la kushoto nalo likaanza. Kuna sheria, mwendesha mashine asiyeona anaondolewa siku hiyo hiyo. Amebakiza miezi saba astaafu kwa heshima. Hospitali ilisema mtoto wa jicho, wakampa tarehe ya upasuaji, na matone ya kusubiria. Nikamwambia, kaa tu, Mjomba, nitaandika mimi."

"Mbona hukuliendesha mwenyewe?"

"Sina kibali. Na hakukubali kunipa ufunguo. Alisema vidole vyangu vina kazi nyingine."

"Kwa hiyo ukamuuliza Mropokaji."

"Nilikuwa na majibu arobaini na moja ya kweli, Afande! Arobaini na moja! Kila mara Mropokaji anazidisha kati ya mia na themanini na mia mbili na arobaini. Ukitoa mia mbili na kumi unakosea kidogo mno. Hesabu yenyewe ilikuwa safi."

"Michanganyiko ile ya mwanzo, zinki ilikuwa kiasi gani?"

Mpwa alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Sikumaliza shule ya hesabu," Inspekta alisema, "lakini safu ya zinki naiona. Mpaka ya ishirini na sita haizidi sita kwa mia. Ya ishirini na saba ni saba. Kisha nane. Thelathini na moja ina kumi na moja. Nani aliipeleka huko?"

"Programu." Ilikuwa sauti ndogo sana. "Niliipa namba nzuri, ikaona huku ndiko kuzuri, ikataka zinki zaidi. Nikaipa nyingine. Ikaenda mbele tena."

"Na Mropokaji kwenye zinki nyingi?"

"Haoni nyufa. Anapiga hesabu ya metali isiyo na kasoro. Zinki ikizidi, kulabu nene inapopoa polepole inapata nyufa ndogo ndani. Vijiti ni vyembamba, vinapoa haraka, havipati. Ni Dubwana tu lingeona." Akajifuta uso kwa kiganja. "Pengo la huku halikuwa mia mbili na kumi. Lilikuwa zaidi ya elfu. Nimelijua siku yule fundi wa minara alipoanguka. Tangu siku hiyo silali."

Koplo alifunga kikokotoo, akatia simu mfukoni.

Mpwa aliwaongoza hadi mezani kwake, akafungua droo ya chini. Ndani, juu ya gazeti, zililala kulabu tano nzima, kila moja na kibandiko chake: ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja. Zilikuwa zinang'aa, hazijaguswa na taya yoyote. Daktari alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Ulitaka lawama azibebe yeye?" Inspekta aliuliza. Hasira ilimpanda ghafla na hakuificha. "Siku tatu amelala kwenye sakafu ya saruji!"

"Nimekwenda kila siku. Kila siku ananiambia nikifungua mdomo mimi si mtoto wake tena." Kijana alilia waziwazi, bila kujificha. "Nipe karatasi, Afande. Niandike."

Aliandika kurasa mbili na nusu, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea majedwali.

Saa tisa na robo, kituoni, Inspekta aliingia selo namba moja.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta karatasi nitie sahihi?"

"Dubwana limevunja arobaini na moja."

Uso wa mzee ulielekea ukuta uliorudisha mwangwi wa sauti, si pale Inspekta aliposimama.

"Kwa hiyo mmelihesabu," alisema.

"Tumelihesabu. Na Mpwa ameandika maelezo. Yuko selo ya pili."

"Mtoe. Alichofanya ni kumhurumia mtu mzima aliyekuwa anaona ukungu. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo. Nimekaa kwenye benchi wiki mbili nasikiliza mashine isiyolia, na jioni naonyeshwa mahali pa kuweka sahihi. Nilijua, na nikakaa. Andika hivyo: alikaa."

"Nimeandika. Hilo la sahihi utalijibu, lakini utalijibu ukiwa nje. Shtaka la kifo limeondoka kwako."

"Sikuomba liondoke."

"Kuna mjane wa yule fundi ambaye jana aliniuliza ni nani aliyefanya hivi, Mjomba. Siwezi kumpa jina lisilo la kweli."

Hilo lilimgusa. Mzee alitikisa kichwa mara kadhaa, akapapasa ukuta, akainuka. Koplo alimshika kiwiko, akamtoa hadi mapokezi, akamrudishia mkanda wa suruali, saa na ile chupa ndogo ya dawa. Mzee hakuelekea mlangoni. Alisimama pale pale kwenye kaunta, saa mkononi, hajui aivae mkono upi.

Inspekta alitia maelezo ya Mpwa ndani ya jalada. Alichoka, na hakufurahi. Zilibaki dakika kumi kufika saa kumi alipotoka na jalada kwapani, na hapo mlangoni akapishana na mama mmoja aliyetoka kwenye basi la masafa marefu, miguu imevimba, kifurushi cha nguo safi begani. Mama alimwona mzee kwenye kaunta, akaangusha kifurushi.

"Kaka! Wamekutoa!" Alimkumbatia, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akamgeuza huku na huku kama anayekagua mtoto. "Nimekuja nimeshalia njia nzima, kumbe umetoka. Mungu mkubwa. Mungu mkubwa jamani." Akatazama nyuma ya kaka yake, akatazama benchi, akamtazama Koplo, aliyejifanya anasoma daftari. "Na mwanangu yuko wapi? Nilimwambia asikuache peke yako hata dakika moja."